Mikono Iliyoonekana Kila Jumanne

Mwaka ule, Jumanne jioni, mtu angeweza kuiba mtaa wetu wote wa maduka huku Jujo na asikamatwe. Sote tulikuwa mbele ya televisheni, tukitazama tamthilia. Kisa chenyewe ni rahisi: staa wa filamu, kijana mzuri wa kukera, anapeleka shati lake kwa dobi wa uchochoroni, anamkuta dada mpole anayepiga pasi, na tangu siku hiyo hawezi kuvaa shati lililopigwa pasi na mtu mwingine. Upuuzi mtupu. Nililia kila wiki.

Yule dada mpole aliigizwa na Urabe Chinatsu, binti ambaye sura yake ilikuwa kwenye kila bango la stesheni. Uso alikuwa nao, machozi alikuwa nayo, ila pasi hakuijua hata kidogo. Siku ya kwanza tu ya kupiga picha aliunguza shati, akaunguza na kidole. Ndiyo maana kila kamera iliposogea karibu na meza, mikono tuliyokuwa tukiiona haikuwa yake. Ilikuwa ya Bi Sachie Kuwabara, dobi wa mtaani kwetu, mjane, mtu wa kawaida kabisa. Mvuke wa pasi wa miaka yote ile ulikuwa umemlainishia ngozi, na poda kidogo ikamaliza kazi iliyobaki.

Hayo tuliyajua baadaye sana. Wakati ule waliojua ni yeye na watu wa studio. Msaidizi wa mwongozaji, dada mmoja aitwaye Nomura, alimwinamia mpaka nywele zikakaribia sakafu.

"Mama, tafadhali sana, lisitoke hili. Watu wakijua mikono si yake, utamu wote umekwisha."

"Halitatoka," Sachie akasema, naye akainama.

Na Sachie akisema halitoki, halitoki. Kila Alhamisi, siku ya kupiga picha, alifunga duka na kutuambia anakwenda kwa daktari wa meno. Hata picha ya marehemu mumewe, Shigeo, iliyo kwenye madhabahu ya nyumbani, ambayo kila asubuhi huwekewa wali na kupewa habari zote za mtaa, hakuiambia. Jamani! Mtu anamficha hata marehemu!

Lakini msidhani hakuwa na lake moyoni. Alikuwa na binti mmoja tu, Kozue, aliyehamia Nagoya. Tangu mazishi ya baba yake, Kozue hakuwa amepiga simu. Hawakugombana. Wangegombana ingekuwa afadhali, maana ugomvi una mwanzo, mtu anajua aombe radhi ya nini. Kozue aliinuka tu siku ile, akainama mlangoni kama mgeni, akaenda zake, na simu ikanyamaza. Sachie naye hakupiga. Aliogopa kumsumbua. Huku kwetu mtu anaweza kufa kwa kuogopa kumsumbua mwenzake, na bado akaomba radhi kwa kufa.

Ndipo ikaja tamthilia. Sachie alikuwa ameahidi kutosema, lakini hakuahidi kwamba mtu asione. Mtoto atakosaje kuijua mikono ya mama yake? Kuna jambo alilolifanya bila kujijua: akimaliza kola, huipapasa kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayebembeleza kitoto kilale. Mwongozaji alilipenda mno, akawa anaomba lirudiwe kila sehemu. Kozue ataliona, Sachie alijiambia. Ataliona, na atapiga simu. Basi kila Jumanne alipika supu yake ya mtu mmoja, akala haraka, akaiweka simu kando ya kikombe cha chai, akakaa kuitazama mikono yake mwenyewe ikipendwa na nchi nzima. Tamthilia ilipokwisha aliendelea kukaa. Matangazo yakapita, habari zikapita, simu kimya. Upweke ulimkaba mpaka akawa anaitikia watangazaji wa hali ya hewa. "Kumbe mvua kesho," anasema, naye yuko peke yake chumbani.

Kukicha, Bi Tomoe wa duka la tofu huyo hapo mlangoni, mikono imelowa maji.

"Shoga, uliona jana? Yule Chinatsu anavyoipapasa ile kola! Nimemwambia mume wangu, huyu mtoto ana mikono ya dhahabu."

"Mh. Kumbe."

"Kumbe nini? Wewe miaka yote hiyo unapiga pasi, umewahi kupiga vile? Ungekaa ukajifunza kwake."

"Nitajaribu, Bi Tomoe."

"Na hayo meno yako gani yasiyopona? Au daktari ni kijana?"

Sachie alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja, akarudi kwenye meza yake. Alitamani kusema. Alitamani mpaka ulimi ukamwasha. Lakini aliyetaka ajue hakuwa Tomoe.

Siku ya mwisho ya kupiga picha walimpa Chinatsu shada la maua, kubwa la kumficha kifua, kama wapewavyo waigizaji wote wakimaliza. Wakapiga makofi, naye akalia. Sachie alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, kisha akakunja aproni yake, akaitia mfukoni, akapanda treni kurudi nyumbani.

Jumapili iliyofuata, kabla sehemu ya mwisho haijarushwa, ilikuwa kumbukumbu ya Shigeo hekaluni. Sachie alikuwa amemwarifu Kozue kwa barua, na Kozue akajibu neno moja: "Nitakuja." Mama wa watu hakulala. Aling'arisha chumba, akanunua keki za maharage alizozipenda Kozue alipokuwa mdogo, kisha akaingiwa na hofu kwamba pengine hazipendi tena, akanunua na za aina nyingine.

Kozue aliingia hekaluni moja kwa moja kutoka stesheni, mtawa akiwa ameshaanza kusoma. Alikuwa amekonda. Alikaa mstari wa mbele, na kwenye gauni lake jeusi, mgongoni, kulikuwa na mkunjo mrefu wa kiti cha treni, kutoka bega hadi kiunoni. Sachie hakusikia hata neno moja la kisomo. Macho yake yalikuwa kwenye ule mkunjo. Mikono ilimwasha.

Nyumbani walibaki wawili. Kozue alimwashia baba yake ubani, akainama, akaja kukaa mezani. Mama akamimina chai. Wakazungumza mvua. Wakazungumza treni. Wakarudi tena kwenye mvua. Sisi watu wa huku tunajidai kwamba jambo la moyoni halisemwi, linanuswa hewani. Haya, wanuse! Walinusa mpaka chai ikapoa.

Mwishowe Sachie alipiga moyo konde. "Huko Nagoya... Jumanne unatazama televisheni?"

Kozue alikizungusha kikombe chake. "Ni wewe, Mama. Najua."

Moyo wa Sachie uliruka. Sijui niwaelezeje furaha ile. Alifunika mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakamtoka, akacheka. "Umejua lini?"

"Siku ya kwanza. Ile kola."

"Siku ya kwanza!" Akahesabu kichwani Jumanne zote zile na simu yake kando ya kikombe, na kicheko kikapungua. "Sasa mbona hukupiga, mwanangu? Nilikuwa nakungoja."

"Ningesema nini?"

"Chochote. Kwamba umeniona."

Kozue alikiweka kikombe mezani. Aliposema hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Mama, wakati nasoma, sare yangu nilikuwa naipiga pasi mwenyewe. Unakumbuka? Nikirudi shule, nauambia mgongo wako habari za shule. Unasema 'mh'. Unasema 'kumbe'. Nikiwa nimefanya vizuri, 'kumbe'. Nikiwa nimelia, 'kumbe'. Halafu naiona mikono yako inaipapasa kola ya mtu usiyemjua, taratibu vile. Nilikuwa nazionea wivu kola, Mama. Nikadhani nimekua, yamekwisha. Sasa Jumanne ofisini kwangu wote wanalia kwa raha, eti mikono gani hii yenye upendo hivi. Mimi natoka nje."

Sachie alifungua mdomo ajitetee. Wateja walikuwa wengi, Shigeo alikuwa mgonjwa, pasi haiachwi juu ya nguo hata kidogo. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililosaidia. Alimtazama binti yake usoni, akaona mistari myembamba kando ya macho, akagundua hakujua imeingia lini.

"Nisamehe," alisema.

"Sikuja kukudai radhi." Kozue aliangalia saa, akainuka. "Treni yangu inaondoka muda si mrefu."

"Gauni lako limejikunja mgongoni. Livue, nilipige pasi, ni dakika tu. Nitakuwa nakutazama, nitakuwa nakusikiliza. Utaniambia habari za ofisini."

Kozue alisita. Kwa kitambo ilionekana kama mkono wake unakwenda kwenye kifungo cha shingo. Kisha akavaa viatu.

"Liache tu, Mama. Nimezoea."

Akainama mlangoni, akaichukua keki moja ya maharage kwenye sahani aliyoishika mama yake, akaitia mkobani. Sachie alitoka na ndara zake mpaka barabarani. Bi Tomoe alikuwa akifunga duka, akapunga mkono, hakujibiwa. Sachie alisimama akiutazama mgongo wa binti yake ukienda, na ule mkunjo kutoka bega hadi kiunoni, mpaka Kozue akakata kona ya stesheni bila kugeuka.