Mama Pasi na Mjakaranda wa Uani

Mdogo wangu niliyemwachia ziwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, alipiga pasi nguo za watu tangu akiwa na meno yote kinywani mpaka yalipoanza kuaga. Kushika pasi ya mkaa nilimfundisha mimi, na nasema bila haya: hakuna mkono mtaani kwetu uliokunja shati vizuri kuliko wake, ukiondoa wangu.

Kazi alifanyia uani, nyuma ya nyumba ya kupanga tuliyokaa sote. Meza yake ilikuwa mlango mkuukuu uliolazwa juu ya mapipa na kutandikwa blanketi lililoungua hapa na pale. Mgongoni ana ukuta wa mabati, kichwani ana jua. Asubuhi kulivumilika. Ikifika mchana, bati linatema moto, pasi inatema moto, na yeye yuko katikati kama mkate. Nguo zinatoka zimenyooka, mwenyewe anatoka amejikunja. Alipoanza kushikwa na kizunguzungu nikamwambia aache.

"Nikiacha nitakula nini, dada? Nitafune pasi?"

Nikamletea maji ya kunywa, akanywa, akarudi kwenye pasi yake.

Alikuwa na mteja mmoja, muuza miche ya maua na miti ya mapambo. Tulimwita Bwana Miche. Mashati yake yalikuja na udongo mpaka mifukoni. Siku moja alimkuta mdogo wangu ameketi chini, kitambaa chenye maji kichwani, mashati ya watu yakimsubiri. Kesho yake akarudi amebeba mche wa mjakaranda, mrefu kuliko mimi, mwembamba kama fimbo ya mwalimu.

"Huu ukishika, Mama Pasi, utakaa kivulini kama bibi harusi. Tena utakumwagia maua ya zambarau."

"Yasichafue mashati tu," akasema mdogo wangu, lakini macho yalishacheka.

Wakauchimbia shimo mbele ya meza. Nao ule haukuwa udongo! Kilikuwa kifusi cha nyumba iliyobomolewa zamani: vipande vya matofali, vigae, hata soli ya kiatu ilitoka. Bwana Miche akatia udongo wake mzuri, akaufunga mche kwenye mti wa kuuegemeza, akaenda zake.

Mwenye nyumba alipouona hakukataa, ila alikuja na neno lake. Ua ule ungemwagwa zege mara fundi mwashi amalizapo kazi nyingine aliyokuwa nayo. "Fundi akiukuta mzima, auachie nafasi. Akiukuta umekauka, aung'oe apitishe zege. Sitaki kijiti kikavu katikati ya uwanja wangu."

Mnaelewa maana yake? Zege lote lile, bati lile, na mti hamna. Mdogo wangu angeokwa.

Basi akaushika ule mti kama mtoto wa uzazi wa mwisho. Maji kila asubuhi. Na jioni, kazi ikiisha, yale maji ya wanga yaliyobaki kwenye beseni akayamimina pale shinani.

"Wanga ni chakula," aliniambia. "Shati likinywa wanga linasimama. Na huu usimame."

Mti ukanywa. Majani yakageuka njano, yakapukutika. Yeye akaongeza maji, akaongeza wanga. Fundi mwashi, ambaye kwa utani alimwita shemeji, kila akipita haachi kuchungulia juu ya ukuta.

"Shemeji, fimbo yako haijazaa?"

"Shemeji wa nani? Pita, uso umejaa saruji!"

Akishapita, ndipo namwona anafuta macho kwa ncha ya nguo.

Siku moja alikuwa ananyoosha kola ya shati la mteja apendaye wanga mwingi, kola ngumu utadhani ubao. Akainyunyizia maji. Maji hayakuingia, yakabiringika yakadondoka chini. Akasimama pale pale, pasi hewani. Akaiangalia kola. Akauangalia mti. Kisha akaenda shinani, akagonga udongo kwa ukucha. Ko, ko, ko.

"Dada! Dada, njoo!"

Nikaenda mbio, nikidhani ameungua.

"Nimeutia wanga mti!"

Akamimina kikombe cha maji tuone. Kweli bwana, maji yaliteleza juu ya udongo uliokakamaa, yakaenda zake mtaroni, hata tone halikuingia. Siku zote zile alikuwa anaunywesha mtaro. Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Na pasi je, hukuupiga?"

"Cheka, dada. Cheka, halafu lete uma."

Tukapiga magoti, wazee wazima, tukalimenya lile gamba taratibu tusikate mizizi. Chini yake udongo mkavu kama unga. Bwana Miche alipoitwa akatikisa kichwa, akatuonyesha kuzungushia shina kituta cha udongo ili maji yasikimbie, na kutandaza majani makavu juu, ila yasiguse shina. "Na maji yaingie polepole," akasema. Kwa hilo mdogo wangu hakuhitaji kufundishwa. Alichukua chupa yake ya kunyunyizia nguo, ile ya plastiki yenye kizibo alichokitoboa kwa msumari wa moto, akaikata kitako, akaisimika kichwa chini karibu na mizizi. Ukiijaza, yenyewe inavuja kidogo kidogo. Upande wa bati akatundika shuka lake kuzuia lile joto.

Majirani wakauliza, "Mama Pasi, una mgonjwa uani?"

"Ninaye. Na msinipigie kelele."

Fundi akaja na mchanga wake, saruji yake na mbao zake, mti ukiwa uchi, hauna hata jani moja. Akaushika shina. Mdogo wangu akatoka na pasi mkononi, inafuka.

"Shemeji, mimi nimetumwa tu."

"Ukwaruze kwanza."

Akaukwaruza kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani, na majimaji.

"Sawa, ni mbichi. Lakini mwenye nyumba anataka majani."

"Inama hapa." Akamwonyesha, kwenye ncha ya juu, kichipukizi kisichozidi punje ya mchele.

"Hili nalo ni jani?"

"Wewe ulizaliwa na ndevu?"

Fundi alicheka mpaka mwiko ukamtoka mkononi. Akazungushia mbao shinani, akaacha nafasi ya upana wa sinia.

"Weee! Mti huu unapumulia wapi hapo? Sogeza."

Akasogeza. "Sogeza tena." Akasogeza tena, akasimama, mikono kiunoni.

"Shemeji, sema mwenyewe basi, zege langu lianzie wapi?"

Mdogo wangu akaokota kipande cha mkaa, akaanza kuchora mstari chini huku akirudi nyuma, akazunguka karibu nusu ya ua, meza yake yote ikaingia ndani.

"Anzia hapa. Hapa ndipo kivuli kitakapoishia."

Fundi akakitazama kile kijiti na punje yake moja, akanitazama mimi.

"Usiniangalie mimi," nikamwambia. "Beba mbao zako."

Akazibeba mpaka kwenye mstari.