Mafuta ya Kondoo kwenye Cheni

Hata leo nikisikia harufu ya nyama ya kondoo nainamisha macho, na mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea. Ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji waliojificha msituni, nami nikifanya kazi shamba la kahawa Ruiru (mimi mtu wa Kakamega, huku sina mjomba wala shangazi), na cheni ya baisikeli yangu ilikuwa kavu, inalia kama kifaranga. Andrea, tuliyeishi naye chumba kimoja, akasema nipake oili ya trekta, mimi nikasema mafuta ya kondoo, tukabishana mpaka tukaamua tujaribu: unageuza baisikeli magurudumu juu, unapaka, unasukuma la nyuma, unahesabu. Oili ikatoa mizunguko thelathini na moja, kondoo arobaini! Nikajiona injinia. Asubuhi yake nikapaka tele, nikashika njia ya Thika kupeleka barua ya bwana mwenye shamba.

Jua likapanda, mafuta yakayeyuka, yakanirukia suruali yangu ya kanisani. Kufika kizuizi cha askari, mbwa wao akanusa, akaning'ang'ania mguu.

"Wewe! Nyama unapelekea nani msituni?"

Ndugu zangu, niliogopa. Siku zile ukishukiwa unalisha watu wa msituni ulikuwa unachukuliwa, hurudi tena, na mke wangu kule nyumbani alikuwa na mimba ya kwanza.

"Afande, ni mafuta ya kondoo tu, ya cheni."

"Cheni inakula kondoo?"

Wakanivua suruali waikague, mbele ya akina mama waliopanga foleni na vikapu (mmoja wa kwaya yetu alijifunika macho, lakini vidole akaviachanisha). Kwa woga nikaropoka kwamba nitawaonyesha jaribio lenyewe. Basi nikageuza baisikeli, miguu wazi, bunduki ya askari imenielekea mgongoni, nikasukuma gurudumu, nikahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu... Mbwa naye alikuwa anailamba cheni bila wasiwasi. Koplo mmoja mtu mzima akainama.

"Kijana, gurudumu linazunguka. Cheni je?"

Nikaangalia. Cheni ilikuwa imesimama tuli. Usipokanyaga pedali, gurudumu huenda peke yake! Mimi na Andrea tulikuwa tumepima nini?

Koplo akanirushia suruali. "Mwacheni aende. Watu wa msituni hawawezi kumtuma mjinga kama huyu."

Nilirudi Ruiru na cheni iliyolambwa hadi ikakauka, inalia njia nzima, na sikuona haya kumwomba Andrea oili yake. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kitu kimejaribiwa kikashinda, namuuliza kwanza kama cheni ilizunguka.