Mahali pa Siri pa Ouma

Kumbe hii chumba yetu ya pamoja mtaani Najma tunaishi na nyoka!

Juzi Ouma, jirani yangu wa kitanda, alinivuta kando: "Samaki wa hamour, wale chewa, wanakula pale kwenye mawe. Weka chambo cha ngisi, ushushe mshipi polepole mpaka chini. Usiambie mtu."

Sikuambia mtu. Leo Ijumaa nikatoroka alfajiri.

Nakuta nani kwenye mawe? Chumba kizima!

Kila mtu anaficha mshipi, ati amekuja kupunga upepo. Kila mtu aliambiwa asiambie mtu.

Hatukupata hata dagaa.

Ouma mwenyewe? Tulimwona kwa mbali, peke yake ufuoni, anavuta samaki tu.

Sasa hivi ameninong'oneza tena: "Wale niliwadanganya, bro. Wewe ndio nitakuonyesha mahali penyewe."

Nyinyi mngemwamini?

Jibuni haraka. Ngisi nishanunua, na barafu inayeyuka.