Fimbo Fupi ya Mama Mdogo

Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa fimbo za gofu. Karakana yake ilikuwa chumba chembamba nyuma ya mabafu ya wachezaji: benchi, jiliwa la kubania vyuma, msumeno wa chuma, na harufu ya gundi iliyomfuata hadi nyumbani. Mkewe alicheza Jumatatu, siku ambayo uwanja uliachiwa wafanyakazi na jamaa zao. Hata posa ya binti yake aliisogeza hadi Jumanne.

Kisha mama mdogo akapasuliwa uti wa mgongo. Alirudi amepinda, amepungua kimo. Kwa fimbo yake ya zamani ilimbidi asimame mbali na mpira, mikono imenyooka. Mzunguko wa fimbo ukawa mpana kuliko mwili wake ulivyoweza kuufuata, kichwa cha fimbo kikachelewa kufika, na mpira ukaishia vichakani upande wa kulia. Akaketi kwenye nyasi.

“Nimekwisha,” alisema. “Fimbo zangu gaweni.”

Baba mdogo aliichukua ile fimbo hadi karakana. Wiki ile akaikata fimbo, asimwambie mtu.

Alikata vizuri, lakini kwa haraka ya mtu mwenye hofu. Alifupisha mpini, akasahau kwamba ukifupishwa, kichwa kilekile huwa chepesi mkononi. Mama mdogo alizoea kusubiri uzito ule umvute kidogo huko juu, ndipo aishushe fimbo. Jumatatu iliyofuata hakuusikia. Akaishusha mapema, mpira ukakimbilia kushoto.

Aliisimamisha fimbo kando ya paja lake, akaitazama.

“Umeikata.”

“Kidogo tu, mama.”

“Ungeniambia nimefupika. Kioo ninacho, mzee.”

“Mdomo ulikataa,” alisema baba mdogo. “Nilitaka usiache.”

“Na umenipa kijiko! Kichwa sikisikii kabisa.”

Hapo baba mdogo alishtuka kifundi. Aliipokea fimbo, akaipima kwa vidole viwili, akafumba macho kwa aibu.

Sote watatu tuliongozana hadi karakana. Alibandika vipande vyembamba vya risasi, ile metali nzito, nyuma ya kichwa cha fimbo, kimoja kimoja, na kila mara mama mdogo alitoka nje kuizungusha hewani. Mimi nilizuia wapita njia.

“Bado. Hata nzi hafi kwa hii. Ongeza.” Akazungusha tena, polepole. Safari hii mikono ilitulia kidogo juu kabla ya kushuka. “Hapo. Usiguse tena.”

Uwanjani alisimama karibu na mpira, mgongo umepinda vilevile ulivyotaka. Mpira ulinyooka. Ulianguka mapema pia, kabla ya kufika pale alipotupia macho kwa mazoea.

“Zamani ungevuka mtaro ule wa mbele,” alisema mama mdogo.

Nilidhani baba mdogo atampoza.

“Ndiyo,” alisema. “Ungevuka.”

Mama mdogo alitazama mtaro kwa muda mrefu. Kisha akausukuma mfuko wa fimbo zake kwa mguu hadi kwa mumewe.

“Kata na hizi. Ila nikiwepo.”