Buibui wa Miezi Minne na Siku Kumi

Eda yangu niliikaa Muyinga, katika chumba cha nyuma cha nyumba ambayo marehemu mume wangu aliahidi kila mwaka kuipiga lipu na hakuipiga. Miezi minne na siku kumi. Katika muda huo nilimjua buibui mmoja vizuri kuliko nilivyowahi kumjua mtu. Mama yangu mzazi naye alikuwamo humo chumbani. Alitoka Gitega kuja kunitunza, na alikuja akiwa mgonjwa. Habari za buibui naweza kuzisimulia siku kwa siku. Za mama siwezi. Binti zangu wamekuwa watu wazima sasa, wananiuliza bibi yao alikuwaje miezi ile, na kila nikianza kujibu najikuta naeleza mambo ya ukutani.

Nilizaliwa Gitega mwaka uliofuata uhuru, katika mtaa wa Waswahili. Baba alikuwa fundi viatu. Mama alifuma vitambaa vya kufunikia viti na meza, kwa sindano yenye ndoano, na sebule nyingi za mtaa wetu zilivaa kazi yake. Nilipoolewa nikahamia Muyinga kwa mfanyabiashara aliyekuwa akienda Kobero kupokea vitenge na sabuni kutoka Tanzania. Homa ilimshika Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na mabinti wawili, mmoja wa miaka saba, mwingine minne.

Watu humtarajia mjane alie. Mimi sikulia. Wanawake walinishika mabega wakaniambia nilie nipate nafuu, nikawatazama midomo. Sikuwa jasiri, kama walivyosema baadaye. Sikuwa na kitu ndani. Chai ililetwa ikiwa ya moto, na baada ya muda ilikuwa baridi, na tofauti hiyo ndiyo pekee niliyoiona.

Mama aliingia siku ya tatu na begi moja na furushi la uzi. Alikaa mgeni siku mbili. Ya tatu akafunga kanga kiunoni akamwambia wifi yangu, dada wa marehemu, kwa Kiswahili cha kwetu chenye maneno ya Kifaransa, "Mugeni ni siku mbili. Bon, leo munipatie jembe." Wifi akacheka. Kuanzia hapo mama ndiye aliyewaogesha watoto, akapika, akachota maji, akaniletea sahani kitandani. "We kula kwanza, mama," aliniambia, kwa maana kwetu binti naye huitwa mama. Nilikula kwa sababu kijiko kilikuwa tayari mkononi.

Kitanda changu kilitazama ukuta wa matofali ya udongo. Usawa wa macho yangu palikuwa na tundu kati ya tofali na tofali, na utando umelizunguka. Haukuwa ule wa duara unaouona shambani umande ukiwa bado haujakauka. Huu ulikwenda ovyo, kama kitambaa kilichofumwa na mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nyuzi zake zilikuwa na manyoya, na zile mpya zilikuwa na rangi ya samawati kidogo. Mwenyewe nilimwona jioni ya wiki ya pili. Alikuwa wa kahawia, mnene, mwenye madoa meusi mgongoni. Alikaa kwenye mlango wa tundu, miguu ya mbele imegusa nyuzi, akangoja. Nami nilikuwa nangoja, sijui nini, kwa hiyo tulifaana.

Alipofanya kazi alitoa uzi kwa nyuma na kuuchana kwa mguu wa mwisho, haraka sana, kama mtu anayejikuna. Nilimwita mama aone. Akafinya macho, akatazama kwa jicho la fundi.

"Iko inachana uzi," akasema. "Mi nafuma na mikono, ye na miguu. Mais hajui kufunga mwisho."

Binti yangu mkubwa, ambaye alikuja kusomea biolojia, amenieleza kwamba buibui wa namna hii ana kisahani chini ya tumbo chenye vitundu vidogo mno, na kwenye mguu ana kichana cha vinywele. Uzi wake hauna gundi. Unakuwa na sufi, na mdudu akiugusa, kucha na manyoya yake ndiyo yanayonasa. Hilo nililijua bila shule. Nilimwona nzi akigusa uzi kwa mguu mmoja tu, na kila alipojivuta akaingiza mguu mwingine. Buibui akatoka, akamng'ata mguu, akasubiri atulie, akamburuta ndani. Nilisikia baadaye kwamba siku hiyo mama alikwenda sokoni peke yake akarudi jua limepinda, na watoto walikuwa wamelia njaa. Sikusikia mtoto akilia.

Kwetu buibui hauawi. Kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua habari ya pango alimojificha Mtume na utando uliowapumbaza maadui. Ila desturi hiyo nayo ina mpaka, na mpaka wake ni wageni. Siku ya khitma ya arubaini wifi aliingia na ufagio.

"Watu watasema hii nyumba haina mutu," akasema.

Mama alisimama mbele ya ukuta, akaushika ufagio. "Muache. Hajakula chakula ya mutu hapa."

Wifi akavuta, mama akavuta. Ni wifi aliyenieleza, miaka ikiwa imepita, kwamba mama alivuta kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ameubana ubavuni, na uso umemkunjamana. Wifi alidhani ni hasira. Mimi nilikuwa umbali wa hatua mbili. Nilikuwa namwangalia buibui, ambaye alikuwa amekimbilia ndani, na nilifurahi kwamba hakufagiliwa. Ndiyo furaha ya kwanza niliyoipata tangu msiba, nami naikumbuka vizuri mno.

Baada ya hapo buibui hakutoka tena. Nilichukua kioo changu cha mkono, ambacho katika eda hakikuwa na kazi nyingine, nikawa natupia mwanga wa dirisha ndani ya tundu. Alikuwa amefuma kifuko cheupe cha mayai na kukilalia, miguu imekizunguka. Hakula. Siafu mmoja alipita mlangoni, hakumjali. Kama wiki tatu alikaa hivyo, nami nikakaa na kioo. Mama alipita nyuma yangu na ndoo, na makaa, na mtoto mgongoni. Ninajua alipita kwa sababu lazima alipita.

Watoto walitoka wadogo kama chembe za ufuta, weupe, wakarundikana chini ya tumbo lake. Siku chache tu akataga tena, na wale watoto wakayavamia mayai mapya wakayala yote, naye anatazama. Niliona ni balaa. Kumbe mayai yale hayakuwekwa kuanguliwa. Yalikuwa chakula. Wakanenepa, wakajivua ngozi, wakaacha magamba membamba yakining'inia kwenye nyuzi.

Kisha akaanza jambo ambalo sikulielewa. Aliutikisa utando kwa mwili wote, akapiga kwa miguu, akawasogelea, akajilaza juu yao, akajibana kwao. Walimkimbia kwanza. Akarudia. Mwishowe wakampanda, wakafunika mgongo wote, naye akakunja miguu akatulia. Nikaona anawabeba, kama kuku na vifaranga. Nilifurahi tena. Nikamwita mama aliyekuwa uani.

"Njoo uone, anawabeba wanawe."

Alichelewa kuja. Alipofika aliegemea kitanda, akachukua kioo, akatazama muda mrefu.

"Hapana," akasema. "Wako wanamukula."

"Mbona hakimbii?"

"Akimbiye wapi? Ni watoto yake."

Akanirudishia kioo, akarudi kwenye chungu chake. Nilitazama mpaka mwanga wa dirisha ukaisha. Kesho yake palikuwa na ganda tu, miguu imejikunja. Na hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, makamasi yakanitoka, mimi niliyekuwa sijamlilia mume wangu hata chozi. Mama akaja, akakaa kando yangu, akanikumbatia kwa mkono mmoja. "Lia, mama. Lia sasa," akasema. Alidhani namlilia marehemu. Sikumsahihisha.

Watu nikiwasimulia hufika hapa wakatikisa kichwa, wakaniambia ndivyo walivyo kina mama wote. Inaniudhi. Vile vitoto vya buibui havikuwa na akili ya kumwona mama yao ni nani. Mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa na macho mawili mazima na kioo.

Wale watoto walikaa pamoja kama mwezi mmoja zaidi, wakiwakamata wadudu kwa kundi, kisha wakaondoka mmoja mmoja, na utando ukajaa vumbi. Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa nguo mpya, nikatoka mlangoni. Safari yangu ya kwanza nje ilikuwa kumsindikiza mama kwenye magari ya Gitega. Abiria mmoja alipomwona alishuka akampisha kiti cha mbele, na mwingine akambebea begi bila kuombwa. Niliona ni adabu za watu. Mama alinishika kidevu. "Bon. Sasa uko muzima," akasema. "Mi naweza kuenda." Nilimwahidi kwenda kumwona mvua zikikatika. Zilikatika, na mimi nilikuwa nimefungua kibanda cha vitenge, nikasema mwezi ujao.

Habari ilikuja kupitia dereva, asubuhi, kwamba amefariki alfajiri na watamzika baada ya alasiri. Nikawachukua wanangu tukapanda gari hilohilo. Njiani yule mkubwa alikuwa amelala mapajani mwangu, nikadhani amesinzia.

"Mi nilikuwa namufunga bibi kanga," akasema. "Kule kwetu. Mukono yake ilikuwa haipande."

"Mkono gani?"

"Ya kuume. Alisema nisikwambie. Alisema we uko na yako."

Alikuwa na miaka saba, na alikaa na siri hiyo bila kuteleza. Nilimpapasa kichwa mpaka tukafika.

Gitega wanawake wawili wazee wa mtaa walikuwa wameshatenga maji na pamba, wananingoja, maana binti ndiye mwenye haki ya kuosha kwanza. Walifunika mwili kwa kanga na kuanza kuondoa nguo kwa chini yake, kama inavyotakiwa. Walipofika kifuani walisimama. Yule mkubwa wao akainua kanga kidogo ili nione. Titi la kulia lilikuwa limekuwa jiwe, jeusi, limepasuka hadi kwapani, na ubavu umebaki mifupa. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama hicho, na kilikuwa cha mama yangu. Niliona aibu. Siyo huzuni, huzuni ilikuja wiki nyingi baadaye. Ile ya kwanza ilikuwa aibu tupu, nikatamani wale wazee watoke nje.

"Hii ilianza lini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Si alikuwa kwako?"

"Alikuwa kwangu."

Akaitazama tena. "Hii siyo ya mwezi moja. Hii iko ya zamani." Mwenzake akashusha pumzi, akasema taratibu, bila ubaya, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikamwambia hakuficha. Nikamwambia tulilala chumba kimoja, na kila jioni alibadili nguo mbele yangu.

Yule mkubwa alinipa kata ya maji mkononi, akaniambia tunaanza upande wa kulia, nami nikaanza kumimina.