Pilau ya Trinidad katika jiko la Maisaka

Saa nne asubuhi, Leonia Lennox anamimina vijiko viwili vya sukari kwenye mafuta ya moto. Sukari inayeyuka, inageuka rangi ya kahawa, inaanza kutoa povu. Hapo ndipo anapotumbukiza vipande vya kuku.

"Wateja wapya hudhani nimeunguza," anasema mama lishe huyu wa Maisaka, mjini Babati.

Baadaye ataongeza mchele, tui la nazi na mbaazi mbichi kutoka Sigino. Wateja wake, wanaomwita Mama Martha, huiita "pilau nyeusi". Siku ya Jumamosi Leonia huuza hadi sahani arobaini.

Upishi huo ni wa baba yake, Lennox, fundi wa kuchomelea aliyetoka kisiwa cha Trinidad, katika bahari ya Karibi, akaja nchini miaka ya sabini kufundisha ufundi. Alimwoa Ursula, msichana wa Mbulu, wakahamia Babati. Leonia anasimulia kwamba baba yake alipoona mbaazi shambani kwa wakwe zake, alichuma konzi moja akasema, "Hizi ni za nyumbani."

Lennox alifariki mwaka 1991, Leonia akiwa na miaka kumi na miwili. Barua ambazo Ursula aliwaandikia ndugu wa mumewe hazikujibiwa.

"Mama aliendelea kuipika kila Jumapili. Mimi nilikuwa naona aibu, wenzangu wakisema kwetu tunakula chakula kilichoungua. Siku moja nikamwambia aache. Akaacha. Hakuniuliza kwa nini."

Alianza kuipika mwenyewe baada ya Ursula kufariki, miaka sita iliyopita.

Mwaka jana binti yake, Martha, mwalimu wa sekondari, aliipata familia ya babu yake kupitia mtandao. Kule waliamini Lennox alikufa bila mke wala mtoto, na binamu mmoja alihisi Martha na mama yake ni matapeli. Dada wa Lennox, Eudora, mwenye miaka 83, ndiye aliyeomba kuongea nao kwa video. Aliuliza jambo moja tu: Lennox alipikaje kuku wa Jumapili?

Leonia alimwambia Martha aelekeze simu jikoni, akaanza kupika. Sukari ilipoyeyuka, bibi yule akasema kwa Kiingereza, Martha akitafsiri: "Asiweke kuku bado. Asubiri povu."

"Nikamwambia, 'Shangazi, baba naye alisema hivyohivyo.' Akasema, 'Huo ni upishi wa mama yangu. Mwanangu, hatukujua kama wewe upo.'"

Leonia anaongeza, "Kinachoniuma ni mama. Laiti angesikia maneno yale."

Miguu ya Eudora haimruhusu tena kusafiri. Leonia ameshapata pasipoti, na sasa anaweka akiba ya nauli.

"Nikifika sitaki kutembezwa," anasema. "Nataka nipike jikoni kwake, naye akae hapo pembeni, aniambie ninapokosea."