Fundi wa kamera na waya ambao hakuuchomoa

Saa mbili na nusu asubuhi, fundi yuko juu ya ngazi kwenye ukuta wa zahanati ndogo ya watoto, ameuma bisibisi. Chini yake muuguzi mkuu ameshika simu yake mwenyewe, ya kioo kilichopasuka, na bado hajaelewa kwa nini ameambiwa aitoe.

"Dada, fungua hapo unaposomea habari," fundi anamwambia. "Andika namba zilizo kwenye hicho kikaratasi."

Muuguzi anaandika. Simu inamuuliza neno la siri, kisha picha inatokea: ukumbi wa kusubiri, mabenchi, na mtoto anayelilia sindano ambayo hata haijamfikia.

"Imekuomba uongeze kitu chochote?"

"Hapana."

"Hata kijiprogramu kidogo?"

"Fundi, nimesema hapana."

Ndipo fundi anakaza skrubu ya mwisho. Ingeomba, kamera ingerudi kwenye boksi lake.

Wauzaji wa vifaa wamemchoka. Wamempa jina la Hakimu, maana hanunui kamera mpaka aifungue kwenye kompyuta ya duka, kisha kwenye simu ya muuzaji, kisha kwenye simu ya mpita njia yeyote. "Huyu anachagua kamera kama anachagua mchumba," anasema muuzaji mmoja. "Na posa yenyewe haiishi."

Hakimu anacheka nao, ila kicheko chake hakifiki mbali. Ana miaka arobaini na sita, alianza kwa kutengeneza redio, na kamera amezifunga miaka kumi na miwili. Hakuwa hivi zamani.

"Zamani nilikuwa naangalia bei tu," anasema. "Cha rahisi ni ghali, nilikuwa naisikia kama wimbo. Sikujua ghali yenyewe atailipa mtu mwingine."

Mtu huyo ni mfagiaji wa duka la vitambaa, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Mama Deki. Miaka mitatu iliyopita Hakimu alifunga kamera nane dukani humo, na Mama Deki ndiye aliyemshikia ngazi.

"Mwanangu, hii itaniona nikifanya kazi?" alimuuliza.

"Itakuona, mama."

"Afadhali. Mfagiaji haonekani mpaka kitu kipotee."

Kamera zile zilikuwa nusu ya bei ya nyingine. Zilihifadhi picha kwenye kadi zilizomo ndani yake, kwa namna ambayo chombo kingine hakikuweza kuzisoma. Kuzitazama kulihitaji kijiprogramu cha waliozitengeneza, nacho kilikubali kivinjari kimoja tu cha zamani, kwenye kompyuta moja ya ofisini. Hakimu alibandika karatasi juu yake: "Usiguse, usisasishe." Akaona amemaliza kazi.

Mwaka jana majora manne ya kitambaa cha thamani yalitoweka stoo. Aliyeonekana mwisho kutoka humo ni Mama Deki na ndoo yake. Mama wa watu hakulia wala hakuapa. Alinyoosha kidole juu akasema, "Kamera zipo. Tazameni."

Hakuna aliyeweza kutazama. Kompyuta ya zamani ilikuwa imekufa, mhasibu ameleta mpya, na kivinjari cha kisasa kilikikataa kijiprogramu. Kioo kilibaki cheupe. Tajiri, mwenye duka, alisubiri siku tatu, kisha akamfukuza Mama Deki.

Hakimu alifika siku ya nne, akitokea kazi ya mbali. Alihangaika mji mzima kutafuta kompyuta kuukuu, akaipata siku ya kumi na tano kwa mtu wa kudurufu karatasi. Kijiprogramu kikakubali, picha zikafunguka.

Kadi zile hutunza siku kumi na nne, kisha huandika juu ya picha za zamani. Picha ya kwanza aliyoikuta ilikuwa ya asubuhi iliyofuata upotevu. Mama Deki anapiga deki chini ya kamera. Anasimama, anaegemea mpini, anaitazama kamera kama mtu anayemtazama shahidi wake.

"Ningechomoa waya," Hakimu anasema. "Waya mmoja tu wa umeme, kamera zote zingeacha kurekodi. Siku ile ya nne niliushika, nikaufuta vumbi, nikaurudisha. Fundi huzoea kuacha vitu vikiwaka. Ningeuchomoa, siku ile ingebaki ndani mpaka leo."

Miezi miwili iliyopita majora yalionekana kwenye tawi jingine la duka hilohilo, yalikopelekwa kimakosa. Tajiri aliona aibu, akaandika barua ya kuomba radhi na kumrudisha mama kazini. Kwa kuwa Hakimu anapajua kwa Mama Deki, alikabidhiwa yeye aipeleke.

Barua bado iko kwenye mfuko wa zana, kati ya koleo na utepe. Kona yake moja imeshaingia mafuta.

"Mume wangu anapanda minara," anasema mkewe, "lakini kizingiti cha yule mama kimemshinda."

Hakimu hakatai. Ameshakwenda mara mbili. Alipiga hodi tatu, kama desturi, hakuitikiwa, akaondoka.

"Nilipiga kwa sauti ya mtu asiyetaka kuitikiwa," anakiri. "Ndani nilisikia ndoo ikiburutwa. Alikuwepo."

Anakunja ngazi. Muuguzi bado anaitazama simu yake, amesahau kumrudishia kikaratasi.

Jumamosi hii Hakimu amepanga kurudi. Safari hii, anasema, atapiga hodi mpaka majirani watoke. Barua atampa, lakini si kabla ya kusema la kwake.

"Sitamweleza habari za vijiprogramu. Vitamhusu nini? Nitamwambia, mama, waya ulikuwa mkononi mwangu."